Baiskeli ya mteremko: ikague kabla ya kutoa pesa

Baiskeli za mtumba zinazoingia Mombasa si zote za kubebea mikate na mitungi ya maji. Mara kwa mara hutokea moja nene, yenye springi mbele na nyuma, breki za diski na matairi yanayokaribia ya pikipiki. Kijana wa Shika Adabu anayependa mashindano akiiona, moyo humruka. Bei yake, hata ikiwa imetumika sana, inaweza kumeza akiba yake yote ya boda. Kabla hajaifungua pochi, na ajiulize: je, chombo hiki kitanishindia mbio, au kitanivunja mfuko na mgongo?

Imeundwa kwa kazi gani

Katika mbio za mteremko, kila mshindani hushuka peke yake akishindana na saa, akipita mawe, mizizi na miruko. Kanuni za UCI, shirikisho la baiskeli duniani, zinataka njia iwe na urefu wa mita 1,500 hadi 3,500, na mbio zichukue kati ya dakika 2 na 5. Kupanda mlima hakuhesabiwi. Ulaya wachezaji wengi hupandishwa juu kwa gari au kwa vibanda vinavyovutwa na kamba za chuma.

Baiskeli yenyewe imetengenezwa kwa dakika hizo chache. Springi zake huruhusu gurudumu kupanda na kushuka takriban milimita 200. Uzito wake ni kama kilo 15 hadi 17. Foki, yaani ule uma unaoshika gurudumu la mbele, imelazwa mbele ili usipinduke kwenye mteremko mkali. Sifa hizo hizo hugeuka mzigo kwenye tambarare. Kila ukikanyaga pedali, springi inakunywa sehemu ya nguvu zako, na kona za polepole zinakuwa nzito. Baiskeli ya mbio za nyika huwa na springi za milimita 100 hadi 120 tu, na ni nyepesi kwa kilo kadhaa.

Pima njia kwanza

Ardhi yetu Likoni ni mchanga na mawe ya matumbawe, na haiinuki sana. Mwinuko wa maana ulio karibu ni Shimba Hills, unaopita mita 400 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya vilima hivyo ni hifadhi ya wanyama yenye ndovu. Huendi tu na jembe ukachonga njia ya mbio. Milima ya Taita ni mirefu zaidi, kilele cha Vuria kinapita mita 2,200, lakini ni safari.

Tazama pia mashindano yaliyopo. Mbio za 10to4 za Mlima Kenya zina jina linalotokana na kushuka kutoka futi 10,000 hadi futi 4,000. Ukisikia hivyo utadhani ni mbio za mteremko. Sivyo: ni safari ndefu ya msituni na mashambani, yenye kukanyaga kwingi, na baiskeli ya kilo 17 ingekuchosha kabla ya nusu ya njia. Katika Olimpiki, mbio za baiskeli za milimani zilizoingia mwaka 1996 ni za nyika peke yake. Mteremko haumo mpaka leo.

Hata pale mbio za mteremko zinapofanyika, njia ndiyo huamua chombo. Mwaka 2013 mashindano ya dunia yalifanyika Pietermaritzburg, Afrika Kusini, na Greg Minnaar, mwenyeji wa mji huo, akashinda kwa chini ya nusu sekunde. Njia ile ilijulikana kwa sehemu yake ndefu ya tambarare katikati, ambapo miguu ilihitajika kama springi.

Ukaguzi, hatua kwa hatua

Ikiwa bado unaitaka, nenda mchana, ukiwa na fundi, kitambaa na rula.

Anza na fremu. Ifute vumbi, kisha tazama kila mahali palipochomelewa, hasa nyuma ya beringi za usukani na pale springi ya nyuma inapoungana na fremu. Mstari mwembamba kwenye rangi unaweza kuwa ufa. Fremu ya alumini iliyochomelewa upya mtaani usiinunue kwa mbio. Alumini ya baiskeli huimarishwa kwa joto maalumu kiwandani, na moto wa fundi huidhoofisha.

Pili, inua kiti kidogo kidogo. Ukisikia kigongo kabla ya gurudumu kuondoka chini, beringi au bushi za maungio ya nyuma zimelika. Shika pia gurudumu la nyuma ulitikise kushoto na kulia.

Tatu, kagua miguu inayong'aa ya foki na fimbo ya springi ya nyuma. Pitisha ukucha. Mkwaruzo unaonasa ukucha utaikata sili, oili itavuja na vumbi litaingia. Bonyeza kwa uzito wako wote, kisha achia. Ikirudi kwa kuruka kama mpira, kidhibiti cha ndani hakifanyi kazi, na kwenye jiwe itakurusha.

Nne, zungusha magurudumu. Pima habu: baiskeli hizi hutumia nyuma upana wa milimita 150 au 157, wakati nyingi za kawaida ni 135. Gurudumu la jirani halitaingia. Zile za zamani ni za inchi 26, na matairi ya mteremko ya saizi hiyo yanazidi kuwa adimu.

Tano, kamata breki uishikilie kwa dakika moja. Kama mkono wa breki unazidi kuzama, kuna hewa au kuna kuvuja. Uliza inatumia mafuta gani. Breki za Shimano hutumia mafuta ya madini. Nyingi nyingine hutumia mafuta ya DOT. Ukibadilisha moja kwa nyingine, sili zinaharibika.

Springi ni ya uzito wa nani?

Hapa ndipo wengi hupotea. Springi hupangwa kwa uzito wa mwendeshaji. Ukikaa juu yake na mavazi yako ya mbio, inatakiwa izame kama asilimia 25 hadi 30 ya uwezo wake. Fimbo ya springi ya nyuma ikiwa na nafasi ya milimita 75, izame kama milimita 22. Funga kamba ndogo ya mpira kwenye fimbo, kaa taratibu, shuka, kisha pima ilipofika.

Springi ya hewa hurekebishwa kwa pampu yake maalumu. Ya chuma lazima ibadilishwe. Aliyeitumia Ulaya huenda alikuwa na kilo 90, na wewe una 60. Kwako itakuwa ngumu kama gogo, na springi mbadala hutaipata duka la vipuri vya mtaani.

Gharama inayokuja baadaye

RockShox, mmoja wa watengenezaji wakubwa, hutaka miguu ya foki ifunguliwe na kuwekwa oili mpya kila saa 50 za kuendesha. Sisi tunaongeza upepo wa bahari. Chumvi hula bolti za chuma zilizokaa ndani ya alumini mpaka zikashikana. Visima vingi vya huku vina maji ya chumvi, basi oshea maji matamu, kausha, kisha paka grisi. Kama hujui nani atakufungulia springi hiyo, bei uliyotajiwa haijakamilika.

Weka kando pia pesa za kofia inayofunika uso mzima. Katika mbio za mteremko ni sharti la UCI.

Mwisho, geuza baiskeli uandike namba iliyo chini ya fremu, na udai risiti yenye namba hiyo. Kupatikana na mali ya wizi ni kosa kisheria. Kwa upande wa dini, muuzaji analazimika kutaja aibu anayoijua, na mnunuzi aliyefichwa ana khiyari ya kurudisha. Maandishi ndiyo yatakayokusaidia kuidai.

Ushauri wangu kwa kijana wa Shika Adabu ni huu. Kama huna mteremko wa kufanyia mazoezi kila wiki, fundi wa springi na pesa za vipuri, nunua baiskeli nyepesi ya nyika, yenye springi ya mbele pekee. Utafanyia mazoezi barabara ya Dongo Kundu, utapanda nayo hadi Kwale na kushuka, na mbio utakazoingia hapa Kenya zitakuwa zile iliyoundwa kuzikimbia.