Utoro shuleni na dawa za minyoo (Busia, Kenya)

Mtoto mtoro si lazima awe mkaidi. Huenda ni mgonjwa. Hilo lilionekana wazi Busia, magharibi mwa Kenya, ambako kuanzia 1998 shule 75 za msingi ziliingizwa kwa awamu katika mpango wa dawa: albendazoli kwa minyoo ya tumbo, prazikwanteli kwa kichocho. Mahudhurio hayakuchukuliwa kwenye rejista ya mwalimu. Wakaguzi walifika shuleni bila taarifa na kuhesabu waliomo darasani, utaratibu unaofaa kuigwa popote rejista zinapojazwa kwa mazoea.

Matokeo yaliyochapishwa na Edward Miguel na Michael Kremer mwaka 2004 yalionyesha utoro umepungua kwa takriban robo. Hata watoto wasiomeza dawa, wakiwemo wa shule jirani, walinufaika, kwa kuwa maambukizi ya minyoo yalipungua. Alama za mitihani, hata hivyo, hazikupanda. Uchambuzi mpya wa 2015 ulisahihisha baadhi ya hesabu na kupunguza faida iliyodaiwa kwa shule jirani; mjadala mkali ukafuata. Kenya ilianza kugawa dawa hizo kitaifa mwaka 2009.