Mlima na Maji

Fundi wa redio wa Birere, hapa Goma, haanzi kwa kuwasha chombo ulichomletea. Anakinyanyua. Mkono ukishuka kwa uzito, anakuheshimu wewe pamoja na chombo chako. Kikija juu kama kikapu kitupu, anakirudisha mezani na kukuuliza ulinunua bei gani, kabla hata ya kuuliza kinaumwa nini. Uzito ndio cheti. Ampli ya zamani uzito wake mkubwa ni wa transfoma, chuma kilichozungushiwa waya wa shaba, na nguvu yote inayotoka kwenye bafle imepita hapo kwanza.

Jina lililopimwa hivyo miaka na miaka ni Sansui. Kampuni hiyo ilianzishwa Tokyo mwaka 1947, na kazi yake ya kwanza haikuwa redio wala ampli, ilikuwa kutengeneza transfoma. Herufi mbili za Kijapani zinazoandika jina lake maana yake ni mlima na maji. Mtu wa Goma, mwenye volkano ya Nyiragongo mgongoni na Ziwa Kivu miguuni, ana haki ya kudhani jina lilitungwa hapa kwetu. Mwaka 1965 kampuni ilitoa AU-111, ampli ya valvu. Mwishoni mwa miaka ya sabini ikaja AU-717 ya transista, wati 85 kila upande, karibu kilo 18. Mzigo wote huo, kwa ajili ya rumba tu.

Vyombo vya namna hiyo vilifikaje Kivu? Habari yake ni ya kahawa kuliko ya muziki. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu wa Zaire, Kongo ya leo, alitangaza kwamba biashara za wageni zinatiwa mikononi mwa Wazaire. Wengi waliopewa maduka waliuza kilichokuwa kwenye rafu, na rafu hazikujaa tena. Kisha Julai 1975 baridi kali ikaunguza mikahawa ya Brazil, bei ya kahawa ikapaa dunia nzima, na kahawa ya Kivu ikawa inavuka mpaka usiku kwenda Uganda na Rwanda. Magunia yakaenda, mali ikarudi: mabati, vitenge, saa, redio, na kwa aliyebarikiwa zaidi, ampli na bafle zake mbili. Kwa hiyo kilichoingia kwa magendo hakikuwa na wakala wala karatasi ya dhamana. Wakala alikuwa fundi.

Na fundi alijifunza chombo kwa maradhi yake. Nyuma ya nyingi kati ya ampli hizo zilizotengenezwa kuuzwa nje palikuwa na swichi ndogo ya kuchagua volti. Mtoto akiigeuza kwa kuchezea, moshi. Iliyotengenezwa kwa soko la Japani yenyewe ilitaka volti 100, ikichomekwa kwenye 220 haikuaga mtu. Halafu kuna vumbi letu, lile jeusi la mawe ya volkano, linaloingia penye kitufe cha sauti hadi bafle inakwaruza kama sufuria inayosuguliwa. Dawa yake ni brashi, spiriti kidogo, na kukizungusha kitufe mara hamsini, mbele na nyuma, bila haraka. Nimewahi kukaa nikihesabu. Fundi alifika hamsini na tatu.

Jina lilianza kufa mbali na hapa, na halikufa kwa ubaya wa sauti. Kuanzia mkataba wa Septemba 1985 wa mataifa matano makubwa, yeni ilipanda: dola iliyokuwa ikinunua yeni 240 hivi ilinunua karibu 160 mwishoni mwa mwaka uliofuata. Bidhaa ya Japani ikawa ghali ng'ambo, wakati wanunuzi wenyewe walishahamia kwenye CD na mashine ndogo zenye kila kitu ndani. Mwaka 1989 Sansui iliangukia mikononi mwa Polly Peck, kampuni ya Uingereza. Mwaka uliofuata Polly Peck yenyewe ikaporomoka. Sansui ikachukuliwa na kampuni ya Semi-Tech, na baadaye jina likawa chini ya kampuni ya Grande ya Hong Kong, dari moja na Akai na Nakamichi, majina matatu ya fahari yaliyokodishwa kama viti vya arusi. Kampuni yenyewe ya Japani ilifilisika mwaka 2014. Mwaka huohuo Panasonic iliamsha jina lake la vyombo vya muziki, Technics, lililokuwa limelazwa tangu 2010. Tofauti ni kwamba Technics ilikuwa na mama hai na kiwanda chake.

Goma iliongeza sababu yake. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilishuka mjini, ikapita Birere na katikati ya biashara hadi ziwani, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege. Watu walikimbia na magodoro. Redio ya betri inaingia kwapani. Ampli ya kilo 18 haikimbizwi. Uzito uliokuwa sifa ukawa hukumu. Mwezi uliofuata Radio Okapi ikaanza kurusha matangazo, na mji uliotaka kujua barabara ipi imefungwa ulitaka sauti ya kubebeka, si sauti tamu. Mei 2021 mlima ukalipuka, tukakimbia tena, Sake, Minova, Gisenyi, na wengi mzigo wao wa muziki ulikuwa simu.

Sasa jina limerudi mitaani, limebandikwa kwenye plastiki. Juzi mteja kijana alileta bafle ya Bluetooth, Sansui imeandikwa kwa fedha mbele. Fundi aliinyanyua kwa vidole viwili.

"Papa, hiyo ni Sansui," kijana akasema.

"Ni jina, mtoto wangu. Inaumwa nini?"

Haikushika chaji. Alibadilisha betri, akalipwa. Nyuma yake ukutani ilining'inia sura ya ampli ya zamani, bati jeusi la mbele lenye matundu ya vitufe, bila chochote ndani. Nilimuuliza transfoma yake ilikwenda wapi. Aliisuka upya kwa mkono, akaifunga kwenye sanduku la mbao. Iko kanisani, Ndosho.