Toba na Soni Inayosalia: Masimulizi ya Ka'b bin Malik kuhusu Tabuk

Katika historia ya fasihi ya Kiarabu, Ka'b bin Malik anatajwa pamoja na Hassan bin Thabit na Abdallah bin Rawaha kama washairi waliomtetea Mtume Muhammad kwa ndimi zao. Hata hivyo, jina lake limebebwa vilevile na masimulizi ya nathari, yaliyohifadhiwa katika Sahihi za Bukhari na Muslim, kuhusu kubaki kwake Madina wakati wa msafara wa Tabuk, mwaka wa 9 Hijria (630 Miladia). Masimulizi hayo yanagusa swali ambalo wanazuoni, akiwemo Ibn Qayyim al-Jawziyya, walilijadili baadaye: je, aliyetubu aikumbuke dhambi yake au aisahau?

Ka'b hakuwa na udhuru. Alikuwa na afya na ngamia wawili, lakini aliahirisha safari siku baada ya siku hadi jeshi likatokomea. Mtume aliporejea, watu zaidi ya themanini walileta visingizio, na maneno yao yakapokelewa kwa dhahiri yake. Ka'b, aliyejua vyema nguvu ya ufasaha wake, alikataa kuutumia. Akakiri. Yeye na wenziwe wawili, Murara bin Rabi na Hilal bin Umayya, wakasuswa kwa siku hamsini. Hata binamuye, Abu Qatada, hakumwitikia salamu. Hatimaye mtu alipaza sauti kutoka mlima Sal' kumbashiria kuwa toba yake imekubaliwa.

Jambo la kuzingatiwa ni wakati wa usimulizi. Ka'b anasimulia akiwa mzee kipofu, na msikilizaji wake ni mwanawe Abdallah, aliyekuwa akimwongoza njiani. Msamaha ulikuwa umepatikana zamani. Ilhali msimulizi angali anakumbuka masoko alimopita bila kusemeshwa, nguo alizomvua mwilini kumtunza mbashiri, na Talha bin Ubaidillah aliyenyanyuka kumlaki. Ni dhahiri kuwa soni haikufutika. Kilichobadilika ni kazi yake: ile iliyomtenga na watu sasa inamfunga kwenye ahadi ya kutosema uongo maisha yake yote, na inampa shukrani ya kudumu kwa mtu mmoja aliyesimama.

Huenda ikahojiwa kwamba Uislamu unamtaka mja asitangaze dhambi ambayo Mungu ameisitiri. Hoja hiyo ni sahihi, lakini haimhusu Ka'b, kwani kosa lake lilikuwa wazi kwa Madina nzima. Zaidi ya hayo, aya ya 118 ya Sura at-Tawba inawataja watu hao watatu bila majina, na husomwa hadi leo. Ka'b mwenyewe anaifasiri: walioachwa nyuma si kwa maana ya kubaki vitani, bali ya kuahirishiwa hukumu. Fasiri hiyo ni ya mshairi anayejua uzito wa neno moja. Kosa limebaki katika kumbukumbu, lakini limebaki ndani ya sentensi ya msamaha. Hapo ndipo masimulizi yanapowatofautisha waliofichika nyuma ya visingizio na aliyekiri: wao waliiepuka fedheha ya siku moja; yeye aliibeba, ikawa ushahidi wa ukweli wake.