Neno la Kiongozi: Theluji Iliyoonekana Kutoka Nchi ya Taita

Mtu asafiriye kutoka Voi kwenda Taveta huiacha milima ya Taita upande wake wa kulia, hupita Mwatate na Bura, kisha huingia katika nyika kavu ya Maktau na Mbuyuni. Humo jua ni kali, miti ni ya miiba, na vumbi jekundu hufuata kila chombo kipitacho. Lakini akibahatika kupita asubuhi, kabla mawingu hayajatanda, huona mbele yake jambo la ajabu: juu ya nyika hiyo yenye joto wasimama mlima mkubwa, na kilele chake cheupe. Mlima huo ni Kilimanjaro, na weupe huo ni theluji na barafu. Leo mtoto wa shule ajua hivyo. Lakini yapata miaka 170 iliyopita, wataalamu wakubwa wa Ulaya walibishana kwa miaka mingi kama jambo hilo laweza kuwa kweli.

Mwezi wa Aprili 1848 alitoka Rabai, karibu na Mombasa, mmisionari mmoja Mjerumani jina lake Johannes Rebmann. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, naye alitumwa na chama cha wamisionari wa Kiingereza. Mwaka uliotangulia alikuwa amefika mlima wa Kasigau, katika nchi ya Taita. Sasa alitaka kuvuka Taita yote mpaka nchi ya Wachaga. Hakuchukua jeshi wala bunduki nyingi. Alikuwa na wapagazi wachache, mwavuli wake mkononi, na kiongozi wa safari aliyeitwa Bwana Kheri, mtu aliyezijua njia za bara.

Kabla ya kuondoka, Rebmann alionywa na liwali wa Mombasa asithubutu kuupanda mlima huo. Alimwambia kwamba umejaa majini. Kwamba watu waliowahi kuupanda waliuawa nao, mikono na miguu yao ikakakamaa, na baruti zao zikakataa kuwaka. Msomaji, usiyacheke maneno hayo upesi. Yapime. Habari ya majini ni tafsiri ya msimulizi, lakini viungo kukakamaa na baruti kukataa kuwaka ni mambo yaliyoonekana kwa macho, nayo yote mawili ndiyo hasa yampatayo mtu aliyefikwa na baridi kali na unyevu wa mlimani.

Siku ya tarehe 11 Mei 1848, msafara ulikuwa umekwisha kuiacha milima ya Taita, nao ukienda katika nyika kuelekea Taveta. Yapata saa nne za asubuhi, Rebmann aliona kitu cheupe juu ya mlima mrefu. Kwanza alidhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi wake, naye akamjibu kwa neno moja tu: baridi. Kiongozi hakuwa na jina la kitu chenyewe, kwa kuwa watu wa pwani hawakupata kuishi penye theluji; lakini alijua tabia yake, akaitaja. Rebmann naye alikuwa mtu wa Ulaya, nchi ya majira ya baridi; alikijua kitu chenyewe tangu utoto wake, ila hakutazamia kukiona karibu na ikweta. Neno la mmoja lilikutana na maarifa ya mwingine, na papo hapo Rebmann akatambua kwamba aliona theluji.

Wachaga walikuwa na habari zaidi. Wamisionari hao waliandika kwamba Rungua, mtawala wa Machame, aliwahi kutuma watu wapande kwenda kuuchunguza weupe ule. Katika hao alirudi mmoja tu, na mikono na miguu yake ilikuwa imeharibika kwa baridi. Basi ukweli wa mlima ulikuwa umekwisha kununuliwa kwa roho za watu, miaka mingi kabla ya Mzungu wa kwanza kuukaribia.

Habari ya Rebmann ilipigwa chapa London mwaka 1849. Mwaka huo huo, mwezi wa Desemba, mwenziwe Ludwig Krapf alikuwa Kitui, akauona mlima Kenya nao una theluji. Lakini wataalamu wengine hawakukubali. Mkubwa wao alikuwa William Desborough Cooley, mwanajiografia wa Uingereza aliyetunga vitabu juu ya bara la Afrika bila ya kulikanyaga hata siku moja. Katika kitabu chake cha mwaka 1852 aliyakataa maneno ya Rebmann, akayahesabu kuwa ni mawazo tu ya mtu aliyedanganywa na macho yake.

Je, Cooley alikuwa mjinga? La, alikuwa msomi. Tena tukihukumu kwa haki, wamisionari hao nao hawakukosa makosa. Mwaka 1856 Rebmann na mwenziwe Erhardt walitoa ramani iliyoonyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika Mashariki. Baadaye ilijulikana kwamba hapana ziwa la namna hiyo. Habari za maziwa mbalimbali zilikuwa zimechanganywa pamoja. Hapa twapata fundisho kubwa la historia. Alichokiona Rebmann kwa macho yake kilikuwa kweli. Alichokikusanya kwa kusikia, akakiunganisha mwenyewe, kilikosea. Kosa la Cooley lilikuwa kuvikataa vyote pamoja, hata kile kilichoshuhudiwa.

Tena alikuwa na sababu ya kuamini, kama angalitaka. Milima ya Andes iliyo Amerika ya Kusini, karibu kabisa na ikweta, ilijulikana kuwa na theluji. Humboldt, mtaalamu mashuhuri wa Ujerumani, alikuwa ameupanda mlima Chimborazo mwaka 1802, ingawa hakufika kileleni. Na sababu yake si ngumu. Kila mtu apandapo mita 1,000, joto la hewa hupungua kwa kadiri ya digrii sita. Taveta iko yapata mita 750 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Kibo ni mita 5,895. Siku ambayo watu wa Taveta wanatoka jasho kwa joto la digrii thelathini, kileleni maji huweza kuganda.

Ubishi ulimalizwa na miguu, wala si kalamu. Mwaka 1862 Baron von der Decken na Otto Kersten walipanda mpaka yapata mita 4,280, na theluji ikawaangukia. Mwaka 1871 Charles New, mmisionari wa Ribe, alipita Taita na Taveta akapanda mpaka penye theluji yenyewe, akaigusa kwa mkono. Hatimaye, mwezi wa Oktoba 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha juu kabisa.

Wakati watu wakibishana juu ya theluji ya Afrika, huko Ulaya theluji ilikuwa ikianza kugeuka kuwa starehe. Husimuliwa kwamba mwaka 1864 Johannes Badrutt, mwenye hoteli katika mji wa St. Moritz nchini Uswisi, aliwashawishi wageni wake Waingereza warudi wakati wa baridi, akiwaahidi kwamba hawatajuta. Tangu hapo desturi ya likizo ya theluji ilienea. Watu huenda milimani, hufunga miguuni mbao mbili ndefu na nyembamba ziitwazo skii, nao huteremka wakiteleza kwa kasi kama ndege arukaye karibu na ardhi.

Mchezo huo haukuchelewa kufika kwetu. Mwaka 1912 vijana wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, waliupanda Kilimanjaro wakachukua skii zao, nao wakateremka kwa kuteleza juu ya theluji ile ile ambayo miaka sitini kabla yake ilikuwa imekanushwa London. Hapakuwa na hoteli huko juu, wala msongamano wa wageni; palikuwa na ukimya, upepo na hewa nyembamba imchoshayo mtu kwa hatua chache. Kwa sababu hiyo mji wa likizo ya theluji haukujengwa hapo. Lakini sehemu moja ya barafu iliyo karibu na kilele ingali yaitwa kwa jina la Furtwängler.

Na shaka ile ya kale haikufa upesi. Mwaka 1998 Philip Boit, Mkenya aliyekuwa mkimbiaji, alishindana kwa skii katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani. Wengi walistaajabu: Mkenya na theluji, wapi na wapi? Boit alimaliza wa mwisho. Lakini mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja mwishoni mwa njia akamkumbatia. Tena mwaka 2018 Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya na kukulia Austria, aliiwakilisha Kenya katika mbio za kuteremka milima ya theluji huko Korea ya Kusini.

Sasa lipo jambo la huzuni. Wataalamu waliopima barafu ya Kilimanjaro walitangaza mwaka 2009 kwamba asilimia 85 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 ilikuwa imekwisha kutoweka ilipofika mwaka 2007. Hutaja sababu za kupungua kwa unyevu na theluji inayoanguka, na za dunia kuzidi joto. Huenda ikaja siku ambapo msafiri wa Maktau atautazama mlima asione weupe wowote. Siku hiyo watoto watauliza kama ni kweli kwamba palikuwa na barafu, na huenda mtu mwenye elimu, aliyeketi mbali, akasema kwamba hizo ni hadithi tu.

Wahenga walisema, usilolijua ni usiku wa giza. Basi wewe uliye Taita au Taveta, wakati mawingu yanapofunuka asubuhi, utazame mlima vizuri, uwaulize wazee ulikuwaje walipokuwa vijana, kisha uandike tarehe na uyaonayo. Ukikosa jina la kitu usiogope. Taja tabia yake kwa uaminifu, kama alivyofanya kiongozi wa Rebmann. Yeye hakuandika kitabu, wala hakuitwa mtaalamu. Alisema neno moja tu, baridi, nalo lilikuwa kweli.