Shangani, Nyumba Zilizoelekea Bahari

Ncha ya magharibi ya Mji Mkongwe wa Unguja inaitwa Shangani. Jina hilo si la Unguja peke yake, kwani Mogadishu nako uko mtaa wa Shangani, miongoni mwa mitaa yake ya kale. Ncha hii imezungukwa na bahari, na atakaye kuliona jua likizama haendi kwingine. Ndiyo maana kila aliyepata nguvu mjini humo alitamani kujenga, au kukaa, Shangani.

Nyumba hizo zimeelekea baharini, ila mali iliyozijenga ilitoka nyuma yao. Karafuu zilichumwa mashambani kwa mikono ya watumwa. Meno ya ndovu yalibebwa mabegani kutoka Manyema na Ujiji, yakapita Tabora, yakashuka Bagamoyo. Miongoni mwa wabebaji walikuwamo Wanyamwezi wa ujira, na walikuwamo watumwa. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa lakabu ya Tippu Tip, alizifanya safari hizo miaka mingi, kisha akarudi kukaa Shangani, akafia mjini mwaka 1905. Yeye aliacha habari za maisha yake kwa Kiswahili. Wengi wa wapagazi wake hawakuacha hata majina.

Nyumba inayoyasimulia haya kwa ufasaha zaidi ni Mambo Msiige, iliyojengwa katikati ya karne ya 19. Jina lenyewe ni majigambo: yatazameni mambo haya, wala msiyaige. Mapokeo ya mji husema kwamba chokaa yake ilichanganywa na mayai, na kwamba watumwa walizikwa hai kutani. Iwe kweli au isiwe, mji uliosimulia hadithi hiyo ulijua vyema kuwa fahari ile ilikuwa na gharama, na ulijua ni nani aliyeilipa.

Mwaka 1873 Sayyid Barghash, kwa shinikizo la Waingereza, alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Mwaka uliofuata ubalozi wa Waingereza hao hao ukaingia Mambo Msiige, ukakaa humo hadi 1913. Soko lilifungwa, dirisha la kutazamia bahari likabaki kuwa la mwenye nguvu.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, majumba mengi ya Mji Mkongwe yalitaifishwa, na familia za Ng'ambo na mashamba zikapewa vyumba humo. Mtu wa kawaida akaamka asubuhi akaiona bahari kutoka ghorofani. Lakini wakaazi walikuwa wengi na matengenezo machache. Mvua na chumvi vikaila chokaa, na kuta zikaanza kuanguka. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2015 Mambo Msiige ikafunguliwa tena, safari hii ikiwa sehemu ya hoteli ya kifahari.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja, na kuta zimepona. Kupona kwa mwenyeji ni swali jingine, na jibu lake halimo katika chokaa. Jioni, hatua chache kutoka hapo, vijana hukusanyika ukutani Forodhani, wakarukia majini mmoja baada ya mwingine. Bahari ile ile, wao huingia bila kulipa.