Mbwa Kizimbani: Wakili Asiyetaka Kazi na Mteja Asiyesema

Katika hadithi za upelelezi mbwa ni mhusika wa siku nyingi, lakini kwa muda mrefu hakuwa na kazi ila mbili: kubweka au kunyamaza. Akibweka, amepita mgeni. Akinyamaza, aliyepita ni mtu wa nyumbani. Arthur Conan Doyle aliijenga hadithi yake ya "Silver Blaze", iliyotoka mwaka 1892, juu ya mbwa aliyekaa kimya usiku farasi alipotoweka zizini. Wahakiki wamemtaja mbwa huyo kuliko wahusika wengi wenye majina, ingawa yeye mwenyewe hana jina. Hana haki wala hatia. Yeye ni ushahidi tu, sawa na jivu la sigara au alama ya kiatu kwenye tope.

Makala haya yanafuata safari ya mbwa kutoka kuwa ushahidi hadi kuwa mteja wa wakili. Kituo cha mwisho cha safari hiyo ni riwaya za Mmarekani David Rosenfelt, ambazo mhusika wake mkuu ni wakili Andy Carpenter. Huenda msomaji akajiuliza jambo hili linatuhusu nini sisi tunaofundisha viambishi na vitenzi. Linatuhusu, kwa sababu swali lililo chini ya kicheko cha riwaya hizi ni la sarufi kama lilivyo la sheria: je, mbwa ni "nini" au ni "nani"?

Tuanze na mawakili wa kwenye vitabu. Erle Stanley Gardner, ambaye mwenyewe alikuwa mwanasheria huko California, alimtambulisha wakili Perry Mason mwaka 1933. Mwaka uliofuata alitoa kitabu kinachoanza na mteja anayelalamika kwamba mbwa wa jirani analia usiku kucha. Hata hapo mbwa bado ni dalili, siyo mhusika. Mason hacheki sana, wala hakimbii kazi, anaitafuta. Ucheshi uliletwa kwa nguvu na Mwingereza John Mortimer, naye pia wakili, alipomwandikia runinga mhusika Horace Rumpole mwaka 1975. Rumpole ni mzee mnene, hana fedha, anaiogopa sauti ya mkewe, lakini anaipenda mahakama kama mvuvi anavyoipenda bahari.

Andy Carpenter ni kinyume chake. Riwaya ya kwanza, "Open and Shut", ilitoka mwaka 2002 na kuteuliwa kuwania tuzo ya Edgar ya riwaya ya kwanza bora. Baba yake Andy, aliyekuwa mwendesha mashtaka, anamwomba achukue rufani ya Willie Miller, kijana anayesubiri kunyongwa. Baba anafariki ghafla na kumwachia mwanawe dola milioni 22 ambazo hakuna aliyejua kuwa alikuwa nazo. Mtumishi wa serikali alizipata wapi? Hilo ndilo fumbo la pili la kitabu, na ndilo linalouma zaidi, kwa sababu kulifumbua ni kumchunguza baba.

Tangu siku hiyo Andy ana fedha za kumtosha maisha yake yote, na hapo ndipo uvivu wake unapopata mantiki. Wakili maskini hukubali kesi kwa sababu ya kodi ya nyumba. Wakili tajiri lazima ashawishiwe, na mwandishi lazima kila mara atafute sababu mpya ya kumtoa kwenye kochi lake mbele ya runinga yenye mpira. Ofisi yake iko juu ya duka la matunda mjini Paterson, jimbo la New Jersey, mji alikozaliwa Rosenfelt mwenyewe. Andy anatusimulia kwa nafsi ya kwanza na kwa wakati uliopo, huku akijisema yeye mwenyewe kabla wengine hawajamsema: mwoga, mvivu, hapendi kupigwa. Mara nyingi sababu ya kumtoa kwenye kochi huwa ni mbwa.

Riwaya inayoonyesha hili vizuri kuliko zote, kwa maoni yangu, ni "Play Dead" ya mwaka 2007. Andy anamkuta kwenye kituo cha wanyama mbwa wa rangi ya dhahabu, wa jamii ya retriva, aliyeandikiwa kuuawa kwa sababu amemng'ata mwenye mbwa. Andy anakwenda mahakamani kumtetea. Waandishi wa habari wanajaa, watu wanacheka, na mbwa anaponea chupuchupu. Kisha anajitokeza mwanamke aliyemwona mbwa huyo kwenye runinga. Anasema ni mbwa wa kaka yake, aliyefungwa miaka mitano nyuma kwa kumuua mchumba wake ndani ya boti. Mbwa naye alikuwa botini, na ilidhaniwa kuwa alitoswa baharini akafa. Ikiwa yuko hai, basi hadithi iliyomfunga kaka huyo ina tundu.

Msomaji wa Kiswahili atatabasamu hapa, kwa kuwa wahenga wetu walikwisha kutoa hoja ya upande wa mashtaka: mbwa hafi maji akiona ufuko. Huenda aliogelea tu! Ni juu ya wakili kuonyesha kwanza kwamba mbwa huyu ndiye yule, kisha kwamba uhai wake una maana. Angalia jinsi mwandishi alivyogeuza mambo. Mteja wa kwanza ni mbwa. Binadamu anafuata nyuma yake. Na ile kesi ya kuchekesha ndiyo inayofungua mlango wa kesi ya kuhuzunisha. (Mwezi Desemba wa mwaka huohuo, 2007, jimbo la New Jersey lilifuta adhabu ya kifo kwa binadamu. Mbwa hawakutajwa.)

Anayedhani kesi ya namna hii ni ya kwenye vitabu tu, na aende Warrensburg, jimbo la Missouri. Mbele ya jengo la mahakama pale imesimama tangu mwaka 1958 sanamu ya mbwa wa kuwindia aliyeitwa Drum. Usiku wa tarehe 28 Oktoba 1869 Drum alipigwa risasi. Mwenye mbwa, Charles Burden, alimshuku shemeji yake na jirani yake, Leonidas Hornsby, aliyekuwa amepoteza kondoo wengi na kuapa kuwa mbwa yeyote atakayeonekana kwake atakufa. Hornsby alikiri kwamba aliamuru kijana wake apige bunduki, lakini akadai kuwa bunduki ilikuwa na punje za mahindi tu, na mbwa aliyepigwa hakuwa Drum. Mzoga ulikutwa kando ya kijito. Nani aliupeleka pale? Risasi za nani? Hilo ni fumbo la upelelezi kamili, na halina askari wala mpelelezi, ila mashemeji wawili wasiosemeshana.

Kesi ilisikilizwa mara nne. Mara ya kwanza waamuzi hawakukubaliana. Mara ya pili alishinda Burden. Mara ya tatu Hornsby. Mwezi Septemba 1870 ilirudi kwa mara ya nne, na sasa Burden alitetewa na George Graham Vest, aliyekuja kuwa seneta. Upande wa pili nao haukuwa haba: walikuwamo Thomas Crittenden, gavana wa baadaye, na Francis Cockrell, seneta wa baadaye. Vigogo watatu kwa mbwa mmoja wa dola 50! Hotuba ya mwisho ya Vest imekuwa maarufu, na sehemu iliyosalia ina jambo la ajabu: haigusi ushahidi hata kidogo. Haisemi risasi, haisemi mahindi, haimtaji hata Drum kwa jina. Inasifu uaminifu wa mbwa kwa binadamu, basi. Burden alishinda, na Mahakama Kuu ya jimbo ikaukubali uamuzi huo mwaka 1872.

Lakini alishinda nini? Fidia ya mali. Kisheria Vest hakumtetea Drum. Alidai thamani ya kitu kilichoharibiwa, kama vile mtu angedai thamani ya toroli. Mdai alikuwa Burden, mdaiwa Hornsby, na mbwa hakuwa na nafasi katika jozi hiyo. Hotuba ilimpa Drum utu ambao sheria haikumpa. Watu wa Warrensburg waliifuata hotuba: sanamu waliyoisimamisha ni ya mbwa, si ya wakili.

Kesi ya pili ni ya karibu zaidi na Andy, kwa wakati na kwa mahali. Siku ya Krismasi ya mwaka 1990, katika kaunti ya Bergen, ambayo imepakana na kaunti ulipo mji wa Paterson, mbwa wa jamii ya Akita aitwaye Taro alimjeruhi mdomoni msichana wa miaka 10, jamaa wa wenye mbwa. Wenyewe walisema ni ukucha, mamlaka ikasema ni meno. Ikatolewa amri auawe. Wenye mbwa wakakata rufani mahakama hadi mahakama, na Taro akakaa kizuizini zaidi ya siku 1,000 chini ya ulinzi wa polisi wa kaunti, huku magazeti yakimwita mfungwa anayesubiri kunyongwa. Lugha yetu ina neno linalomfaa sana: kizimba. Kizimba ni tundu la kufugia mnyama, na kizimba ni mahali anaposimama mshtakiwa. Taro alikaa katika vyote viwili kwa wakati mmoja.

Mwezi Januari 1994 gavana mpya, Christine Todd Whitman, aliimaliza kesi hiyo. Hakumsamehe mbwa, kwani msamaha wa gavana ni wa binadamu. Alichofanya ni kurudisha mali iliyotaifishwa, kwa sharti kwamba mali hiyo iondoke New Jersey isirudi tena. Mali ikafungiwa ukanda shingoni ikahamishiwa jimbo jingine. Sidai kwamba Rosenfelt aliichukua riwaya yake hapo. Ninasema tu kwamba aliyesoma habari za Taro hawezi kuiona "Play Dead" kuwa ni chumvi tupu.

Sasa turudi kwenye sarufi. Kiswahili kimekwisha kukata shauri zamani. Tunasema "kiti kimevunjika", lakini hatusemi "kifaru kimekufa". Tunasema "kifaru amekufa", ingawa umbo la neno linatuvuta kwingine. Chenye uhai huingia katika ngeli ya A-WA pamoja na mwalimu na gavana. Kiingereza cha mahakamani kinamwamuru mbwa "aangamizwe" kwa kitenzi kilekile kinachotumika kwa shehena ya unga uliooza. Mfasiri wa Kiswahili hana budi kuchagua: "auawe" au "ateketezwe"? Akichagua "auawe", tayari amekuwa wakili wa mbwa bila ya kutaka. Tusijisifu mno, hata hivyo. Ngeli ya A-WA haijamwokoa mbwa koko hata mmoja, na sote tunajua miji yetu inavyowafanyia.

Ugumu mwingine ni wa jina lenyewe la mbwa hawa. Wanafunzi wangu wa tafsiri hupenda kuandika "mbwa wa uokoaji", na hapo msomaji anamwona mnyama anayenusa vifusi baada ya tetemeko la ardhi. Mbwa wa Andy hawamwokoi mtu. Wao ndio waliookolewa. Kiingereza kinatumia neno moja kwa yule anayeokoa na yule aliyeokolewa. Sisi tuna kauli ya kutendwa, na ni vyema tuitumie: "mbwa waliookolewa".

Waliokolewa kutoka wapi? Kutoka katika desturi ndefu. New York ya karne ya 19 iliwakusanya mbwa wa mitaani na kuwazamisha mtoni ndani ya tundu la chuma. Huko London, Mary Tealby alifungua makao ya mbwa waliopotea mwaka 1860, na magazeti yakamcheka. Henry Bergh alianzisha chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama mjini New York mwaka 1866, na miaka mitatu baadaye Caroline Earle White na wanawake wenzake wa Philadelphia wakaanzisha kituo chao. Rosenfelt na mkewe wanatoka katika ukoo huo. Shirika lao, lililopewa jina la mbwa wao Tara, limewaokoa mbwa wapatao 4,000. Katika riwaya, Andy na Willie Miller, yule aliyeponea kitanzi, wanaendesha shirika lenye jina hilohilo: binadamu aliyeokolewa anawaokoa mbwa. Mwaka 2011 Rosenfelt na mkewe walihama kutoka California kwenda Maine, safari ya kuvuka bara zima, wakiwa na mbwa 25 na wasaidizi 11 katika magari matatu. Mwaka 2013 akaandika kitabu juu ya safari hiyo.

Mfululizo wa Andy sasa umepita vitabu 30. Kwetu, mpelelezi alikuja mapema kuliko wakili: Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake, alifika mwaka 1960 na "Mzimu wa Watu wa Kale", akafuatiwa na Inspekta Wingo wa Faraji Katalambulla mwaka 1965. Bwana Msa ana ucheshi, na ukoo wake na Holmes haufichiki, lakini anapomaliza kufumbua fumbo mahakama huwa haina tena kazi ya kutusimulia. Riwaya ya Kiswahili ambayo wakili ndiye shujaa, na kizimba ndicho jukwaa, ingali shamba la kulimwa. Msamiati upo: mdai na mdaiwa, rufani na dhamana, shahidi na kiapo.

Wanafunzi wa mwaka wa pili wanaotaka zoezi la likizo wajaribu kutafsiri jina "Play Dead" kwa maneno yasiyozidi matatu. Ni amri anayofundishwa mbwa, ni hila ya mtu anayejifanya maiti, na ni dokezo la yule aliyedhaniwa kufa maji. "Jifanye Umekufa" inapata mbili kati ya tatu.