Kuziba mifereji ya magego

Kuziba mifereji ya magego ni njia ya kukinga meno ya nyuma yasitoboke. Dawa laini hupakwa kwenye mifereji na vishimo vya uso wa kutafunia, ikaganda humo na kuwa utando mgumu. Kizibo hakiondoi maumivu wala hakijazi tundu lililokwisha kuchimbika. Huwekwa kwenye jino zima, au kwenye jino ambalo enameli yake, yaani tabaka gumu la nje, imeanza tu kubadilika rangi, ili vijidudu na mabaki ya chakula visipate maficho. Kinga hii imepimwa kwa majaribio mengi na uwezo wake hauna shaka, ila ukubwa wa faida yake hutofautiana baina ya mahali na mahali. Kwa vijiji vya pwani ya kusini ya Tanzania, kama Pande katika Wilaya ya Kilwa, aina ya dawa na uteuzi wa mtoto wa kuzibwa vina uzito kuliko idadi ya meno yanayozibwa.

Gego la kwanza la kudumu huota mtoto anapokaribia miaka 6, wakati anaingia darasa la kwanza. Huota nyuma ya magego ya utoto bila kung'oa jino lolote, na kwa sababu hiyo wazazi wengi hulidhani ni jino la utoto litakalotoka lenyewe. Kosa hilo ni la gharama kubwa, kwa maana jino hilo likipotea halioti tena. Gego la pili hufuata kwenye miaka 12 hivi. Gego changa huchukua miezi mingi kufikia usawa wa meno mengine, na muda wote huo mswaki hulipita juu kwa juu. Hata likishakamilika, baadhi ya mifereji yake ni myembamba kuliko unywele wa mswaki, uwe wa dukani au wa mti. Vijidudu vilivyomo humo hugeuza sukari kuwa asidi, na asidi huyeyusha madini ya jino kidogo kidogo. Nchini Marekani, takriban matundu 9 kati ya 10 katika meno ya kudumu ya watoto wa shule hutokea kwenye meno ya nyuma.

Ugali wa muhogo, samaki na mchuzi wa nazi, vyakula vya kawaida vya pwani hii, havina sukari nyingi. Hatari imo katika vitafunwa vya kati ya milo: ubuyu wa kukolezwa sukari, kashata, visheti, pipi, soda na juisi za paketi zinazouzwa karibu na shule. Mtoto anayeonjaonja sukari kutwa huumiza meno yake kuliko anayeila kiasi hicho hicho kwa mara moja, kwa sababu mate hayapati nafasi ya kuituliza asidi na kurudisha madini.

Msingi wa vizibo vya kisasa uliwekwa mwaka 1955, Michael Buonocore wa Rochester, Marekani, alipoonyesha kuwa asidi ya fosforasi huikwaruza enameli kiasi cha kuifanya ishike plastiki. Mwaka 1967 yeye na mwenzake Cueto walichapisha matokeo ya kuziba mifereji kwa gundi ya sianoakrilati. Baadaye rezini, yaani plastiki laini inayoganda, zilizo imara zaidi zilichukua nafasi ya gundi hiyo. Siku hizi jino husafishwa, hupakwa asidi kwa sekunde 15 hadi 30, huoshwa, hukaushwa, hupakwa rezini, kisha rezini hugandishwa kwa taa ya bluu. Jambo gumu kuliko yote ni kulitunza jino likavu: tone la mate likiigusa enameli iliyokwisha kupakwa asidi, rezini haishiki vizuri na huenda ikabanduka baada ya muda mfupi.

Aina ya pili ya kizibo ina mzizi Tanzania yenyewe. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken, daktari wa meno Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alianzisha tiba ya meno isiyohitaji mashine wala umeme. Sehemu iliyooza hukwanguliwa kwa vyombo vya mkono, na tundu huzibwa kwa sementi inayoganda yenyewe. Njia hiyo ilijaribiwa zaidi Thailand na Zimbabwe katika miaka ya 1990, na leo hutumika katika nchi nyingi. Sementi inayotumika kwayo, yaani glasi ionoma, hufaa pia kwa kuziba mifereji: mhudumu huiweka juu ya gego na kuikandamiza kwa kidole chenye glavu iliyopakwa vaselini mpaka ipenye chini. Huvumilia unyevu kuliko rezini na hutoa floraidi, madini yanayoimarisha enameli. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021.

Kuhusu uwezo wa kinga, mapitio ya shirika la Cochrane ya mwaka 2017 yaliona kuwa vizibo vya rezini kwenye magego ya kwanza ya watoto wa miaka 5 hadi 10 hupunguza kutoboka ndani ya miaka 2. Mwongozo wa vyama vya madaktari wa meno vya Marekani wa mwaka 2016 ulikadiria upungufu wa asilimia 76 katika miaka 2 hadi 3. Asilimia hiyo isisomwe peke yake. Mahali ambapo magego 40 kati ya 100 yangetoboka, huokoa takriban 30. Mahali ambapo yangetoboka 10, huokoa 7 au 8 tu, ilhali yote 100 yamezibwa.

Hoja hiyo inaigusa Tanzania moja kwa moja. Kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa nchi ambazo mtoto wa miaka 12 ana wastani wa chini ya jino 1 lililoharibika. Hata hivyo, matundu mengi hubaki bila kutibiwa, na wengi hufika kwa mganga wakati dawa iliyobaki ni koleo. Mtu wa Pande anayehitaji Hospitali ya Wilaya ya Kinyonga, iliyopo Kilwa Kivinje kaskazini ya mji wa Kilwa Masoko, hana safari ndogo. Kuwaziba watoto wote kwa hiyo ni kupoteza dawa, na kutomziba yeyote ni kuwatupa wale wachache wanaoumia kweli. Busara ni kuwachagua wenye mifereji ya kina, wenye meno ya utoto yaliyokwisha kuoza na wanaokula sukari mara kwa mara. Glasi ionoma, isiyotegemea taa, huweza kuwekwa shuleni na tabibu wa meno, mtoto akiwa amelala juu ya meza karibu na dirisha.

Glasi ionoma hubanduka mapema kuliko rezini. Hata hivyo, mabaki yake mara nyingi husalia chini ya mfereji, na tathmini za njia ya Frencken zimeonyesha kuwa katika miaka 3 ya mwanzo magego yaliyozibwa hupata matundu kwa kiwango cha asilimia 1 hivi kwa mwaka. Zipo pia njia mbadala. Jaribio lililofanyika kwa watoto wa Wales, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2017, halikuona tofauti ya maana baada ya miaka 3 kati ya kuziba kwa rezini na kupaka vanishi ya floraidi kila baada ya miezi 6. Lakini vanishi hudai mhudumu arudi kila mara, na ratiba ya namna hiyo ni ngumu kuitimiza vijijini.

Uoza mchanga ukizibwa kikamilifu kwa kawaida husimama, kwa kuwa vijidudu vilivyofungiwa hukosa sukari. Rezini huacha chembe ndogo za kemikali ya bisfenoli A kwenye mate kwa saa chache, kiasi ambacho hakijaonekana kuwa na madhara. Kizibo hakilindi pande ambazo jino hugusana na jirani yake, kwa hiyo dawa ya meno yenye floraidi hubaki kuwa ya lazima asubuhi na usiku. Kila kizibo hukaguliwa baada ya miezi 6 hadi 12 na hurudiwa kilipobanduka. Katika ukaguzi wa miaka 12, magego ya pili nayo huangaliwa kama yanahitaji kuzibwa.